Lundo Lililosukwa

Huku Emmental, vilima vinakokunjana kama blanketi
la mtu aliyechelewa kuamka,
samadi haitupwi. Husukwa.

Baba yangu, Gottlieb Zaugg, alikuwa msusi.
Kila asubuhi baada ya kukamua
alichota kwa uma wa meno manne majani ya zizini,
mazito, yenye mkojo, yenye mvuke,
akayakunja ukingoni, shungi juu ya shungi,
msuko ukashika msuko,
hata lundo likasimama wima kama ukuta.
Wala si twende kilioni ya haraka haraka:
ulikuwa msuko wa bibi harusi.

Na mbele ya nyumba, si nyuma.
Chini ya dirisha la sebule, penye maua mekundu,
ili kila apitaye ahesabu:
lundo refu, ng'ombe wengi;
lundo nadhifu, mtu wa kukopeshwa.
Babu mzaa mama alipokuja kumchunguza mposaji
hakuuliza dini wala deni.
Alichomeka fimbo katika samadi,
akaichomoa, akainusa,
akasema: "Binti atashiba."
Mama alikisimulia kisa hiki kwa haya
kila Krismasi, bila kukosa.

Mimi niliondoka.
Miaka kumi na tisa Bern, ofisi ya bima,
nikioga mara mbili Jumapili usiku
wenzangu wasije wakanusa nilikotoka.

Mwaka juzi ng'ombe kumi na mmoja walipanda lori.
Wa mwisho, Tulpe, aligoma penye ubao,
akaacha pale alichokuwa nacho.
Baba akachukua uma.
Akakibeba hadi lundoni, lori likingurumisha injini,
akakisuka.

Niliporudi, mkono wake wa kulia ulikuwa umelala
na ulimi umeufuata.
Lundo limetitia, nyasi zimeota utosini.
Jirani akaleta toroli moja ya samadi mbichi, ya huruma,
nami, mwenye haraka za mjini,
nikaitandaza bustanini na kupanda karoti siku ileile.

Zikaota miguu.
Nyingine miwili, nyingine mitatu,
moja imekaa hasa kama mzee anayevaa suruali.
Baba alizitazama mezani, akacheka
kwa upande wa uso unaoweza kucheka.
Kisha akanipeleka uani, akaelekeza kidole
kwenye lundo. Chini. Chini zaidi.

Chini kulikuwa na miaka.
Hapakuwa na uvundo, harufu ya mvua tu;
nyeusi, ikimomonyoka vidoleni kama keki,
na minyoo minene ikijinyonganyonga
kwa hasira ya kuamshwa.
Humo nikaokota kifungo, nusu ya kiberiti cha chuma,
na kengele ya ndama, ingali inalia.
Nikazipanga juu ya ukuta. Baba akaichukua kengele peke yake.

Sasa najua: kilicho kibichi huunguza,
hata kikitoka kwa mwenye huruma.
Kabichi zilikaa vitandani kama wageni walioshiba,
maharage yakapanda hadi juu ya paa la banda,
na lundo likapungua, toroli kwa toroli,
likawa kimo cha goti,
kisha doa lenye unyevu juu ya mawe.
Sikujua nyumba yetu inaweza kuonekana uchi hivyo.

Baba huketi kwenye benchi na gunzi la majani makavu,
mkono wa kushoto ukijifunza: kunja, bana, kunja.
Yanafumuka. Anaanza tena.

Jana nilikwenda kwa yule jirani, Wüthrich,
mwenye ng'ombe thelathini na lundo la ovyo,
kumwomba matrela mawili, safari hii kwa malipo.
Nilisimama mlangoni, kofia mkononi,
kama niliyekuja kuposa.
Alinitazama viatu, akanitazama kucha,
akauliza neno moja:
"Utalisuka?"

Nikamwonyesha viganja.
Jumatatu nitakwenda navyo Bern hivi hivi.