Mnong'onezi

Kazi yangu ni kukaa nyuma ya pazia la magunia
katika ghala la nyavu pale Kirumba,
daftari mapajani, kurunzi kwapani,
nikisubiri mtu asahau.

Maneno yote ninayo mimi.
Ninayo talaka ya onyesho la pili,
ninayo laana, ninayo posa,
hata "Moto! Moto!" ya mlinzi ninayo.
Nimeyanong'ona yote mara mia
na hakuna ndoa iliyovunjika,
hakuna aliyekimbia.

Lakini Nkwabi akisema "Toka kwangu"
Milembe hupungua kimo, nimeona.
Akisema "Nipe chumvi", chumvi tu,
siku ya kwanza lilikuwa kofi,
siku ya pili alikuwa anaomba asiachwe.
Mwalimu Bujiku aligonga meza kwa kalamu:
"Usinieleze una hasira. Omba chumvi,
hiyo chumvi ndiyo ifanye kazi."

Usiku wa watazamaji mvua ilipiga bati.
Harufu ya dagaa ilikata tiketi ikakaa mbele.
Mwana aliyepotea akapiga magoti:
Luhende, ambaye nje ya ghala
anadaiwa na Milembe fedha za injini ya mtumbwi,
mwaka wa tatu sasa, na hawasalimiani.
Zamu ya mama: "Nimekusamehe, mwanangu."

Kimya.

Nikanong'ona: nimekusamehe.
Nikanong'ona tena, mate yakilowesha karatasi.
Alinisikia. Shingo yake ilinisikia.
Watu mia mbili, na mvua, na yeye
analipima neno lile kama muuza samaki
anayeinua noti kuitazama kwenye taa,
maana hapa likitoka limetoka,
na mashahidi wamelipa kiingilio.

Mwishowe akasema, taratibu:
"Michembe inapoa. Nawa."

Hayakuwamo daftarini.
Luhende akaitazama mikono yake
kana kwamba ndiyo kwanza anaiona,
akaliendea beseni tupu
(hatukuwahi kulitia maji)
akanawa, akanawa,
akanawa hadi mtu wa viti vya nyuma akakohoa
na Mwalimu akasahau kuashiria pazia.

Nilitafuta penseli gizani,
nikaukata mstari wangu.

Injini bado haijalipwa.
Ila jana, penye mizani ya Mwaloni,
nilimsikia Luhende akimuuliza Milembe
kama ana chumvi.
Milembe hakugeuka. Alikuwa anahesabu ndoo.
"Ya kiasi gani?" akasema.