Waya wa Ardhi

Alifika Ndosho giza likiingia,
Mama Nzigire, muuza jibini za Masisi,
na gari la Kijapani, usukani kulia
katika mji unaopita kulia.
"Taa za dashibodi," akasema, "zinanikonyeza.
Nikiwasha kiashiria, zinafifia.
Nikikanyaga breki zinazimika, zinarudi,
kama mtu anayekumbuka neno, kisha analisahau."

Mafundi watatu walishamla:
wa kwanza betri mpya, wa pili fyuzi zote,
wa tatu alteneta ya mtumba, dola themanini,
halafu akamwambia, ni jini, mama, liuze.

Mimi sibadilishi kitu nisichokipima.
Nikafungua boneti. Vumbi jeusi la mlima
lilikuwa limelala hadi juu ya betri,
lile lile linaloingia kwenye unga, kwenye kufuli.
Injini imezimwa: kumi na mbili nukta sita.
Imewashwa: kumi na nne na kitu.
Betri haina kosa. Alteneta, maskini, haina kosa.
Nikatikisa shada la nyaya nyuma ya dashibodi,
nikagonga soketi kwa mpini wa bisibisi.
Taa zikatulia, zikanitazama tu.

Umeme kwenda, kila fundi anauona.
Kurudi, unarudi kwa njia gani?

Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri,
nyingine kwenye bodi, penye bati tupu.
"Washa taa kubwa. Kanyaga breki."
Mita ilipaswa kunyamaza.
Ikasema moja. Moja nukta mbili.
Volti nzima, imepotea njiani ikirudi nyumbani.

Nikaufuata waya mweusi kwa vidole,
chini ya betri, nyuma ya taa ya kushoto,
hadi kwenye bolti yake. Imekazwa vizuri,
ila imekazwa juu ya rangi:
kijani, nzito, tabaka tatu,
ya brashi, si ya pampu,
imezama hata ndani ya tundu.
Miaka yote meno ya bolti ndiyo yaliyobeba kazi,
kisha kutu ikayafikia.

"Nani alipaka hii?"

Akafuta kioo kisichokuwa na uchafu.
"Mlima ulipotapika, ile Mei, tulikimbilia Sake nalo.
Mawe yakalichuna ubavu mzima.
Tuliporudi Byamungu alilipaka mwenyewe, wiki mbili,
hakuacha hata pa ukucha.
Ndivyo alivyokuwa. Hata kuta za choo."

Ndivyo alivyokuwa. Sikuuliza zaidi.

Nikamweleza: gari halina ardhi.
Bodi ndiyo ardhi yake, rangi imeitenga na waya.
Akatoa kicheko kifupi cha puani:
"Nani hapa ana ardhi?
Kiwanja changu kiko chini ya mita mbili za jiwe,
na hati ninayo mkobani."

Nikachukua msasa. Akainama karibu,
tochi ya simu mkononi mwake haikutulia.
Nilikwangua duara la kizibo cha soda,
bati likaanza kung'aa.
"Basi," akasema. "Usikwangue zaidi ya hapo."

Nikasugua kichwa cha waya, nikakaza kwa spana ya kumi,
nikapaka grisi kuzuia unyevu wa ziwa.
Mita: sifuri nukta sifuri tatu.

Akawasha. Kiashiria. Breki. Taa kubwa.
Breki tena, kwa nguvu, kama anayetaka kugombana.
Mtaa mzima haukuwa na umeme
na uso wake ulikuwa umeshikwa na mwanga wa dashibodi,
usioyumba.
Taa moja ya manjano ilibaki.
"Na hiyo?"
"Hiyo ni kweli, mama. Huna petroli."

Alinilipa dola tano na nusu jibini.
Nikanawa kwa petroli, kisha kwa sabuni.
Chini ya ukucha wa gumba
kijani kilibaki hadi Jumapili.