Kahawia

Wiki ya pili sasa Landrova ya Chemweno
imelala kwenye karakana yetu nyuma ya reli,
boneti limeegemezwa ukutani, kuku anatagia chini yake.
Injini ya Kiingereza ilikwenda kwa kilo,
kwa muuza chuma wa Kaptembwo.
Mahali pake tumekalisha ya Hailaksi, dizeli,
na vishikizo vyake tumevichomelea mara tatu
maana mara mbili za kwanza vilikataa.

Hiyo ilikuwa kazi ya nyundo. Ya nyundo imekwisha.
Wamebaki wakinitazama mimi, Kwamboka wa nyaya.

Nikang'oa dashibodi. Nyuma yake, jamani,
miaka hamsini na kitu ya mafundi:
mmoja kafunga kwa tepu, mmoja kwa plasta ya kidonda,
mmoja kwa uzi wa gunia la viazi,
na yule aliyeunga taa ya nyuma kwa waya wa pasi
Mungu amsamehe, ilikuwa inawaka.
Hakuna aliyeandika alichofanya.
Kila mmoja alitaka tu gari lifike Mau Narok kabla ya mvua.

Na katikati ya fundo hilo, maua.
Pareto iliyokauka, ikasagika, ikajibana
kwenye kila kona tangu enzi za baba yake Chemweno
na magunia yake ya kupeleka kiwandani.
Panya walikula plastiki. Mende hawakuthubutu.
Wafubwa anapuliza, anapiga chafya, anapuliza tena.

Mimi siungi kabla ya kuchora.
Nyuma ya kalenda ya mwaka jana, kwa penseli ya seremala, nikaandika:

kwa Mwingereza, kahawia ni moto,
hutoka kwenye betri moja kwa moja, haulali
hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa mwenyewe;
kwa Mjapani, kahawia ni ardhi,
huko moto unakorudi ukishachoka.

Rangi moja. Nyaya mbili kiganjani mwangu
kama wajina wawili waliokutana msibani.
Waunganishe kwa kuwa wamefanana
na utalinusa kosa lako kabla hujaliona.
(Nililinusa. Bondeni, mwaka wangu wa kwanza,
lori la mtu. Hadi leo nikipita mtaa ule navuka barabara.)

Basi nikaiamini testa, si macho.
Koili, nje. Disibyuta, nje: dizeli haiombi cheche.
Plagi za kupasha joto nikazipa rilei yao na waya mnene,
asubuhi za kule juu zina meno.
Ardhi nikaikwangulia rangi hadi chuma kikacheka,
injini kwa chesisi, chesisi kwa betri,
sikuiachia bodi kitu; bodi ni alumini,
na alumini huitikia ndiyo halafu haiji.

Ijumaa, saa kumi, nikageuza ufunguo nusu.
Kijitaa cha chungwa. Nikahesabu hadi kumi na mbili.
Stata, na moshi mweusi, na kuku akakimbia mayai yake,
na Chemweno akavua kofia bila kujua ameivua.

Nikazima.

Haikuzimika.

Nikachomoa ufunguo, nikauinua wote wauone,
na injini inaendelea, tulivu, haina habari nasi.
"Baba naye alikuwa hivyo," akasema Chemweno.
"Ukimuaga, ndipo anaanza hadithi."

Gia ya nne, breki hadi mwisho, nikaachia klachi:
ikatetemeka mwili mzima, ikanyamaza.

Ilikuwa taa ya chaji. Altaneta, ikizunguka,
ilirudisha umeme kinyumenyume kupitia kijitaa kile chekundu
na kuushika wazi mlango wa dizeli.
Dawa yake ni daiodi moja, ndogo kuliko punje ya mtama,
mlango wa kutokea usiojua kurudi.
Duka limefungwa. Kesho.

Usiku nikaukunja mchoro ndani ya paketi ya maziwa,
nikausukuma nyuma ya spidomita.
Juu yake, kwa herufi kubwa, kwa fundi nisiyemjua:
KAHAWIA HII SI ILE.
Na ukucha mmoja wa pareto, kwa ajili ya mende.