Herufi Kumi na Mbili

Programu hii ilibaki yatima meno yangu ya utoto hayajang'oka.
Kampuni iliyoitunga ikauzwa, ikamezwa, jina likafutwa mlangoni,
lakini hapa Igogo, nyuma ya ghala la pamba,
bado ni yenyewe tu inayojua nani ana hisa ngapi.

Kompyuta mpya ya chama ina mbio mno.
Ile programu ikiamka huuliza kwanza: mwenyeji wangu ana kasi gani?
Hupima, hupata sifuri, hujaribu kugawa kwa sifuri,
huanguka papo hapo kama mgeni aliyejikwaa kizingitini.
Siku tatu nilihangaika.
Siku ya nne nikajenga kompyuta ya uongo ndani ya ile ya kweli,
nikaifunga breki hadi ikatambaa kwa mwendo wa mwaka tisini na moja.
Skrini ikawa bluu. Kishale kikapepesa.
Feni ikavuma kwa nguvu zake zote,
kazi yenyewe ni kusubiri nibonyeze kitufe.

Bi Holo alitoka Kayenze alfajiri,
dagaa wa zawadi kwenye gazeti, cheti cha kifo kwenye nailoni.
"Nimefuata hisa za mume wangu. Ng'wigulila Mashishanga."

Aliyepanga majedwali alimgawia kila mtu herufi kumi na mbili,
nafasi ikiwemo,
na ile koma ya juu hakuwahi kuitambua.

NGWIGULILA M
NGWIGULILA M

Wawili. Mmoja hisa arobaini, mmoja kumi na nne.
Tarehe za kuzaliwa tupu. Kijiji kimoja.
"Mwingine ni Mabeshi," akasema. "Wa upande wa mwaloni."
Mashine haikujua upande wa mwaloni.

Nikafungua jedwali la mizigo,
nikashuka mstari kwa mstari, naye begani kwangu akisoma kwa midomo,
mpaka tisini na nane, mwaka wa mvua zile,
chini ya yule wa kumi na nne:

MAGUNIA 3. YAMELOWA. YAMEKATALIWA.

Bi Holo alicheka hadi akashika meza.
"Ziwa liliingia mpaka jikoni! Nilimwambia asiyapeleke.
Akayapeleka. Huyo ndiye wangu."

Hakuuliza tena kuhusu zile arobaini.

Nikatafuta tundu la waya wa printa; kompyuta mpya halina.
Basi nikaandika kwa kalamu, polepole,
jina lake lote,
na koma ya juu mahali pake.