Robo ya Mzunguko

Saa nne usiku Ibra inapoa kidogo.
Rayya amelala, mguu wake uko mezani
kati ya kopo la maziwa na chetezo kilichozimika.
Ni mfupi kuliko chupa yangu ya maji ya kazini.

Kwanza nauinamisha. Mchanga unamwagika,
mchanga mwekundu wa Sharqiya, nusu kijiko,
kisha kokwa ya tende, kisha shanga ya mama yake
tuliyoitafuta tangu Ijumaa.
Miaka miwili na miezi saba:
ana mfuko ambao watoto wenzake hawana.

Mimi ni fundi wa viyoyozi. Skrubu nazijua.
Najua feni inavyokoroma kabla haijafa.
Lakini kikombe hiki kinachoshika kigutu
nakifuta kama ninavyomfuta uso:
kitambaa, maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na harufu,
kisha kikauke chenyewe, kivulini.
Jua la Julai hupinda kila kitu.

Shivadas, fundi wa miguu kule Maskati,
alinifundisha kusoma ngozi.
"Wekundu ukifutika kabla chai haijapoa, nafasi ipo.
Usipofutika nipigie, usingoje miadi."
Kikombe alikifanya matabaka matabaka, kama kitunguu;
mtoto akikua, tunamenya moja.
Tumeshamenya mawili tangu Idi Kubwa.
Mfupa haujui bei ya petroli.

Asubuhi soksi moja. Alasiri mbili,
maana kigutu husinyaa kadiri siku inavyokwenda.
Mwenyewe huzihesabu: "Moja, mbili, kumi."
Wanawake wa mtaani husema masikini.
Yeye huwapiga kichwa cha magoti, akapita.

Mwezi uliopita mguu ulianza kulia.
Kwi. Kwi. Kila hatua,
kama mlango wa stoo.
Siku tatu natafuta: skrubu ya kifundo imelegea.
Tone la gundi ya buluu, robo ya mzunguko, basi.
Nikajisifu, nikalala.

Kesho yake nyumba ikanyamaza mno.
Kumbe kwa kilio kile nilikuwa najua alipo:
jikoni, ngazini, ndani ya kapu la nguo.
Sasa lango liko wazi na sisikii kitu
ila kiyoyozi cha jirani (kibovu, nilimwambia).
Nikatoka miguu mitupu,
lami ikaniunguza nyayo zote mbili.

Nikamkuta zizini kwa Bwana Muhenna,
amekaa chini, mguu ameuvua,
ameukinga kwa mikono miwili
na beberu ametumbukiza pua humo, anakula tende.
"Baba," akaninong'oneza, asimshtue mnyama,
"anakula mguu wangu. Mtamu."

Usiku ule niliuosha mara tatu.
Nilishika bisibisi, sikatai,
nikafikiri kuilegeza tena ile skrubu,
robo tu, nisikie.
Sikuilegeza. Nimetia komeo jipya langoni, juu,
na kokwa bado zinaingia, sijui kwa njia gani.

Juu ya kabati imepangwa mitatu aliyoiacha,
wa kwanza unaenea kiganjani.
Huu wa nne nausimamisha kando ya kitanda,
kiatu kimefungwa, ncha ielekee mlangoni.
Ukielekea ukutani, anakataa kuamka.