Volti Kumi na Mbili

Tuliikuta kwenye ghala la mjomba, Mvumi Makulu,
kuku wameifanya kiota, tangi limejaa maganda ya karanga,
tairi la mbele limekaa chini kama ng'ombe mwenye ndigana.
Honda mia na kumi, ya mwaka themanini na moja.
Ubavuni, herufi za serikali
zilizofunikwa rangi mara mbili zisionekane,
na zinaonekana.

Mama aliipanda na sanduku la barafu mgongoni,
chanjo ya sotoka isiyotakiwa kuonja jua.
Wafugaji wa Handali walimwita Bibi Sindano.
Ng'ombe walijifunza mlio, wakaanza kukimbia
kabla hajavuka korongo.

Mimi nasoma mita za maji. Nkuhungu, Kizota,
Ipagala hadi Ilazo, nyumba mia na ishirini kwa siku,
mbwa, mageti, na "rudi kesho."
Sikutaka pambo la sebuleni.
Nilitaka kitu kiwake saa kumi na mbili asubuhi
na jioni kinirudishe.

Fundi Chilewa wa Majengo akaizunguka mara tatu,
mikono nyuma, kama aliyekuja kutoa rambirambi.
"Hii irudi ilivyotoka kiwandani," akasema,
"boliti kwa boliti."
Nikamuuliza: na barabara iliyotoka nayo kiwandani
iko wapi?
Akacheka, akaokota spana.

Ubishi wetu ulichukua miezi saba.
Pistoni iling'ang'ania silinda; tukaimwagia dizeli,
na kila jioni Chilewa akaigonga kwa kipande cha mninga,
polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.
Siku ya tisa ikajibu.
Kabureta tuliichokonoa kwa uzi wa shaba.
Ndani tulikuta vumbi jekundu la miaka ile,
laini kama poda ya mtoto.
Nikalikung'utia kwenye karatasi, nikashindwa kulitupa.

Platini nikaitoa. Chilewa akanuna siku mbili.
Volti sita nikazifanya kumi na mbili,
maana giza la Nkuhungu si la kubahatisha kwa koroboi.
Shokapu za nyuma ni za bodaboda iliyopata ajali Kibaigwa;
mwenyewe mzima, siku hizi anauza alizeti.
Keria nikaichomelea pana, ya vitabu vya mita na koti la mvua
(mvua ya Dodoma: koti unalibeba mwaka mzima,
unalivaa siku tisa).
Usukani nikauinua vidole vinne. Mgongo wangu si wa Mama.

Ila kile kibonyeo cha kwenye tangi, upande wa kushoto,
pale goti lake lilipogonga siku fahali alipomgeukia,
nilimkataza mpiga rangi kukijaza.
"Kitaharibu kazi yangu," akasema.
Acha kiharibu.

Jumapili ya kwanza ya Agosti, upepo ukipiga mabati,
nikampelekea. Mama akatoka na fimbo yake,
hata salamu hakunipa.
Akabonyeza kiti. Akapitisha kidole gumba
ndani ya kibonyeo, akakiacha humo kidogo.
"Umeinua usukani."
Nimeinua.
"Na taa hii?"
Ya leo, Mama.
"Iwashe."
Nikapiga kiki moja tu, nikajivuna kimoyomoyo.
Akainamisha sikio. "Mlio si wake."
Injini ni ileile, nikamwambia.
"Nasema mlio."
Akakaa nyuma yangu, upandeupande kwanza,
kisha akaghairi, akapandisha kanga,
akakaa kama dereva.

Korongoni mchanga ulikuwa mzito, nikachelewa gia.
Kofi likatua begani: "Ya pili!"
Nikaweka ya pili.
Tukatoka upande wa pili tukiyumba,
na pale ukingoni walikuwapo ng'ombe watano wa watu,
wakainua vichwa, wakatutazama,
wakaendelea kula.

Mama akasonya.
"Unaona? Hawakimbii.
Nilikwambia mlio si wake."