Dakika Nane

Jumamosi, chumba cha juu, nyuma ya duka la mbegu,
njia ya kwenda Kiborloni.
Meza moja, viti viwili, na saa ya jikoni yenye umbo la nyanya
niliyoibeba kutoka nyumbani.
Dakika nane kwa kila mtu.
Nje, kwenye benchi, wako kumi na saba,
wananong'ona salamu za Kijapani kama wanaosali rozari.

Karatasi yangu ina visanduku vinne:
matamshi, sarufi, ufasaha, kuelewa.
Moja hadi tano.
Chini kabisa, mstari: *Apelekwe darasa la ......*
Mstari mfupi. Mtu mzima haenei humo.

Aikande, wa mapokezi hotelini, aliingia wa kwanza.
Sentensi zake zimepigwa pasi, zina mikunjo ya suruali.
Nikamuuliza: jana jioni ulikula nini?
Akanijibu jina lake, umri wake,
na kwamba anapenda kusafiri.
Nikarudia swali. Akarudia umri.
Sarufi, tano. Kuelewa, moja.
Nyanya ikalia, akainama vizuri sana, akatoka.

Wa tisa ni Anaeli, mpagazi,
miaka kumi na tisa mlimani, herufi ya Kijapani hajui hata moja.
Jitambulishe, nikamwambia.
Akanyamaza mpaka nikaisikia nyanya ikitafuna dakika.
Kisha: *yukkuri*.
Polepole.
Nikadhani ananiomba nipunguze mwendo,
nikarudia swali neno kwa neno, kama ninayemlisha mtoto uji.
Hapana. Alikuwa ameshaanza kazi.
*Yukkuri. Sutte. Haite.*
Vuta. Toa.
*Mizu*, maji, kidogo tu.
Usilale. Usikae. Bado kidogo.
Sauti ameishusha, kana kwamba nyuma ya mlango kuna upepo
na mtu anayetaka kulala humo.
Nilipojitambua, kifua changu kilikuwa kinamtii.

Umejifunzia wapi? Nilimuuliza kwa Kiswahili,
jambo ambalo karatasi inakataza.
Kwa mama mmoja wa miaka sabini na moja, akasema.
Alinifundisha mchana, msituni, tukitembea,
usiku nikamrudishia yote kwenye changarawe, juu ya Kibo.
Nilitaka kumwita bibi, irabu nikaikata,
kumbe nimemwita shangazi.
Alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili.
Akaniambia nisirekebishe.

Hilo ndilo kosa ninalolipunguzia alama kila mwaka.
Ulimi wetu hupigilia silabi ya pili kutoka mwisho kama msumari;
wao kila silabi wanaipa kipimo chake,
ukiibania moja, bibi anakuwa shangazi.

Matamshi, mbili. Sarufi, moja.
Ufasaha nikaandika tano, nikafuta,
nikaandika mbili, nikafuta,
karatasi ikaanza kuonyesha meza.

Mimi pia niliwahi kukaa kiti kile, ng'ambo, baridi kali,
mikono chini ya mapaja.
Waliniuliza: kwenu mtu akimaliza kazi mnamwambiaje?
Nikaitafutia *pole na kazi* neno lake,
nikaitafuta mpaka muda ukaisha.
Wakaniweka darasa la chini kabisa.
Baada ya miezi nikalisikia kwa mfagiaji wa kituo cha treni
akimwambia mwenzake: *otsukaresama*.
Si lilelile. Ni jirani yake, wanaazimana chumvi.

Nyanya ikalia. Anaeli hakuinama,
aliinuka kama anayepima uzito wa mzigo.
Mwalimu, vipindi ni siku gani?
Maana Jumatatu napanda, Jumapili nashuka,
Jumatatu napanda.

Nikaitazama ratiba ukutani.
Darasa la kwanza, Jumanne. La pili, Jumatano.
La tatu, Alhamisi.

*Otsukaresama*, nikamwambia.
Akafikiri kidogo.
Hilo, akasema, sijalifika.

Mstari bado uko wazi.
Wa kumi anagonga.